Upande wa Raya

Shemsa alikuwa akizunguka mji mzima kuwapiga picha mafundi, na hakuna aliyemsumbua kama Bi Mize, msusi wa mikeka. Kila alipoinua kamera, bibi alikuwa amesharudi ukingoni mwa jamvi.

"Bibi, kaa katikati. Picha inakuwa na pengo."

"Haya, mwanangu."

Akajivuta katikati, akaendelea kusuka. Alipohitaji mwaa mwingine, mkono wake ulinyooka kushoto bila yeye kutazama, kiganja wazi, kama anayesubiri kupewa. Ukakaa hewani. Kisha akajichekea, akajiokotea mwaa kwenye fungu, akasogea tena ukingoni.

"Nani alikuwa anakupa?" Shemsa akauliza.

"Dada yangu, Raya. Tangu usichana tulikaa jamvi moja, yeye akichagua miyaa, mimi nikisuka. Alikuwa na domo huyo! Mwaka huu ndiyo kwanza nasuka kimya."

Shemsa hakumwambia tena asogee. Akarudi nyuma mpaka jamvi lote likaingia kwenye picha, akabonyeza, akamwonyesha.

Bi Mize akaileta kamera karibu na macho. Hakujitazama. Kidole chake kikatua pale palipokuwa wazi.

"Ametoka vizuri," akasema.