Ngazi ya Sikudhani

Kila nyumba ya mtaa wetu ina ngazi ya zege bustanini, iliyojisokota kama kamba. Mtoto akifikisha miaka sita, maabara hutuma karatasi ya vinasaba vyake, nasi wazazi humjengea ngazi yake kwa rangi tulizoandikiwa. Kipandio cha kijani ni uzima, chekundu ni ugonjwa utakaokuja. Mwenye vyekundu vitatu haandikishwi shule, kwa kuwa hatadumu.

Binti yangu Sikudhani aliandikiwa vinne.

Nilichanganya unga wa rangi ya kijani na saruji ingali mbichi, nikamwaga vipandio vyote.

Mkaguzi Kihwelo alikuja asubuhi na msumari. Alikwaruza kipandio cha tatu akitafuta wekundu chini yake. Kijani. Akakwaruza mpaka kokoto zikatokeza.

"Mama Siku, rangi umeitia humo humo kwenye zege!" alisema, nusura acheke. "Lakini karatasi ninayo."

"Isome basi, uniachie ngazi."

"Inavunjwa leo. Na shule ndiyo hivyo tena. Waombe radhi majirani kwa kuwadanganya, nisikupeleke mahakamani."

Majirani walikuwa wameshajaa kwenye ua, wakinisubiri niseme. Sikudhani alisimama mlangoni na sare yake mpya, akihesabu vipandio kwa kidole.

"Mama, vyangu vyote kijani?"

"Vyote, mwanangu."

Nyundo ikapigwa. Kipande kikaanguka miguuni pangu, kijani mpaka ndani.

"Haya, sema," Kihwelo akanihimiza.

"Siombi radhi."