Mwimo wa Wodi ya Watoto

Fundi Kombo alikuwa akikwangua rangi kwenye mwimo wa mlango wa wodi ya watoto, katika hospitali kongwe ya matao, ilipojitokeza mistari ya kupimia kimo. Kando ya mmoja paliandikwa: Mwanakheri binti Usi.

“Dada yangu,” akamwambia Faki, fundi mwenzake. “Tuliambiwa alikufa wiki ileile aliyolazwa. Tukasoma hitima bila kuonyeshwa kaburi.”

Akaendelea kukwangua kwenda juu. Jina likajirudia, mstari juu ya mstari, mara nne, hadi likamfika kifuani.

“Kwenu maiti hurefuka?” Faki akanong'ona.

Kombo akainua macho. Juu ya mstari wa nne rangi ilikuwa bado nzima. Akaiweka patasi chini.

“Malizia basi, bwana.”

“Kesho,” akasema Kombo, na kiganja chake kikabaki pale juu ya rangi, kama aliyemwekea mtoto mkono utosini.