Mwani Usiukate

"Kamba wa barafu unawayeyushia kwenye kikombe, halafu unawamiminia samaki vyote tangini, pamoja na maji yake. Usimwage hata tone."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa Fundi katika nyumba ile. Aliusema huku akitabasamu, na mke mpya akaitikia kwa kichwa.

Maji ya kamba walioyeyuka ni sumu ya polepole. Yanaongeza fosfeti, fosfeti inalisha utelezi wa kijani, na utelezi unayafunika matumbawe mpaka yanakufa. Fundi alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Tangi lile lililojaza ukuta mzima wa sebule alikuwa amelianzisha yeye, enzi zake akiwa mke wa nyumba hiyo. Kila tumbawe alilipandikiza likiwa dogo kama ukucha. Kisha akaondoka na begi moja. Tangi likabaki, na kitanda hakijapoa, mwingine akaletwa.

Sasa bwana wa nyumba, mumewe wa zamani, alikuwa amempigia simu, kwa sauti ileile ya kuagiza. Ile mashine ya kutoa povu, iliyokuwa ikiondoa uchafu kabla haujaoza, alikuwa ameitupa.

"Inaunguruma, mke wangu hapati usingizi," alisema. "Wewe si ndiyo kazi yako, matangi ya mahoteli na zahanati? Njoo umfundishe kulitunza bila mashine."

Mke wangu. Fundi aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo. Akakubali papo hapo.

Hakutaka kuliua tangi kwa mkono wake. Alitaka life mikononi mwa yule binti, mke mpya, taratibu, bwana akiona. Hasira za bwana yule yeye alikuwa amezionja vya kutosha. Sasa na mwenzake azionje.

Kila Jumamosi bwana alimfungulia geti, akalifunga nyuma yake, akautia ufunguo mfukoni kama alivyozoea. Kisha aliketi kwenye kochi na simu yake, akiwatazama. Fundi akimuuliza binti jambo, mara nyingi bwana ndiye aliyejibu. Fundi hakujali. Macho yake yalikuwa kwenye mapazia mapya, na kwenye bangili za yule binti.

"Mwani huu wa tangi la chini usiukate," alimwambia mara ya pili, wamechuchumaa mbele ya kabati lililo chini ya tangi kubwa, ambamo mlikuwa na tangi dogo la kuchujia maji. "Uache ujae. Na hii taa yake zima, inakula umeme bure."

"Sawa, dada."

Bila mashine, mwani ule ndio uliokuwa figo la tangi. Unakunywa uchafu, unanenepa, unaukata na kuutupa, na uchafu umetoka nao. Ukiunyima mwanga, unaoza na kurudisha majini kila ulichokunywa.

Jumamosi iliyofuata Fundi alikuja akitarajia harufu ya yai viza. Akakuta maji yameng'aa. Alitia dawa ya kupimia kwenye kichupa cha maji ya tangi, akangoja yawe mekundu. Yalibaki na rangi ya waridi hafifu: naitreti, alama ya uchafu, kidogo tu, kile kiasi ambacho matumbawe yenyewe huhitaji. Alirudia. Waridi hafifu.

"Kumbe unafaa," bwana alisema kutoka kwenye kochi.

Fundi akaumeza moto ule, akaongeza kuni za uongo mpya. Sponji ya kuchujia isioshwe, kuiosha kunaua vijidudu vyenye faida. Maji yasibadilishwe, samaki wanashtuka. Chakula asubuhi, mchana na jioni, kwa ukarimu.

Tangi likazidi kustawi. Tumbawe moja alilodhani lilikufa zamani likachomoza kichwa cha kijani, laini kama ulimi wa mtoto. Moyo ulimruka kwa furaha, akaukemea.

"Kuna fundi mwingine anakuja hapa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna anayekuja hapa, dada. Ni wewe tu."

Bwana akakohoa. Binti akashika kitambaa na kuanza kufuta kioo kilichokuwa safi.

Siku moja gari lilipiga honi nje, na bwana akatoka kwenda kuongea na mgeni getini. Mlango ulipofungwa tu, Fundi akalifungua kabati la chini. Taa ilikuwa inawaka. Mwani ulikuwa umekatwa karibuni, kwa mkasi, vizuri kuliko alivyokuwa akiukata mwenyewe. Sponji ilikuwa nyeupe pe. Kando yake kulikuwa na ndoo ya maji ya chumvi, yamekorogwa tayari kwa kubadilisha.

Akamshika binti kifundo cha mkono.

"Mimi nilikwambia nini? Umenifanya mpumbavu?"

Binti hakujinasua. Alichungulia dirishani kwanza, kisha akasema harakaharaka, na ilikuwa mara ya kwanza Fundi kumsikia akisema zaidi ya maneno machache.

"Ulinichukia tangu siku ya kwanza, dada. Niliona machoni. Nikajua utanifundisha vibaya. Kwa hiyo kila ulichosema, nilifanya kinyume chake."

"Ili umfurahishe yeye."

"Ili tangi lisife. Likifa, wewe huji tena."

Nje, gari liliondoka. Geti likabamizwa, kufuli likalia, na nyayo zikaanza kurudi juu ya kokoto. Sasa binti ndiye aliyemshika Fundi mkono, kwa nguvu, kucha zikimwingia.

"Upesi, kabla hajafika," alinong'ona. "Niambie, dada. Wewe ulitorokaje?"