Senti Yenye Tundu

Mwalimu Kibibi alitandika kanga sokoni, akapanga sarafu za kale alizozikusanya tangu usichana wake, ili watu wazishike na kujifunza.

"Hii yenye tundu, bibi zetu waliitunga kwenye uzi wakaivaa," alikuwa akieleza, mara Shomari mpasua kuni akamkaba koo.

"Wanasema una dhahabu. Umeificha wapi?"

"Sina dhahabu. Hizi ni shaba tu, mwanangu."

Akampiga ngumi, jino likamtoka. Watu wakapiga kelele za mwizi, wakamwangusha Shomari na kumponda kwa mawe. Kibibi, damu ikimchuruzika kidevuni, akajitupa juu yake.

"Basi! Mtamuua!"

Mawe yakadondoshwa moja moja. Muuza samaki pekee alibaki ameinua lake kwa mikono miwili.