Kosa la Taa ya Sita

Saa kumi na moja jioni watu wawili, wamevaa ovaroli za rangi ya chungwa zinazofanana, walisimama ndani ya geti la gereza, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

"Mimi ndiye fundi," alisema yule mrefu. "Huyu ni mfungwa."

"Mimi ndiye fundi," alisema yule mfupi. "Mfungwa ni huyo."

Sajenti wa zamu ya jioni, aliyekuwa ameingia kazini nusu saa tu iliyopita, alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Mambo yalikuwa hivi. Tangu asubuhi fundi kutoka mjini alikuwa anafunga taa kumi na mbili juu ya ukuta wa gereza. Msaidizi wake alikuwa mfungwa aliyehamishiwa hapo jana, ambaye faili lake bado lilikuwa njiani. Mkuu wa gereza, mpenda usalama, aliamuru wote wawili wavae ovaroli. Nguo zao, pamoja na simu na kitambulisho cha fundi, zikafungiwa stoo. Saa kumi kamili mtunza stoo alianza likizo yake na kuondoka na ufunguo. Kuvunja kufuli la stoo kunahitaji barua, na barua hiyo husainiwa na mtunza stoo.

Askari wa mchana walipigiwa simu. Walikumbuka vizuri sana kwamba watu hao walikuwa wawili.

"Gereza hili hulala na watu mia mbili na kumi na mmoja," alisema sajenti. "Kwenye selo nimehesabu mia mbili na kumi. Nikikosea hapa, kesho hiyo ovaroli naivaa mimi."

Yule mrefu alishika nondo za geti. Kati ya nondo na nondo palitosha kupita mkono mmoja na mawazo yote. Aliiona barabara, akaona mbuzi akivuka bila kuulizwa kitambulisho.

"Afande, mama yangu ananingoja nyumbani."

"Hata mimi nina mama," alisema mfupi.

"Kila mtu humu ana mama," alisema sajenti. "Kila Jumapili wanajaa hapa. Hebu tuone kazi yenu."

Akaingia kwenye kibanda cha geti na kubonyeza swichi ya kisanduku kipya cha kuongozea taa. Juu ya ukuta taa tano ziliwaka. Saba zilibaki kimya, kama darasa lililoulizwa nani kavunja dirisha.

"Haya. Fundi wa kweli anieleze."

"Taa ya sita ni mbovu," mfupi aliwahi. "Imekuja hivyo kutoka dukani."

"Na hizo sita baada yake?"

"Nazo."

"Zote?"

"Zilikuwa katoni moja, afande."

Sajenti alimgeukia mrefu. Mrefu hakuwa na haraka. Kosa lile alikuwa ameliona tangu saa nne asubuhi, aliposoma karatasi ya maelekezo iliyokuja na taa.

"Taa ni nzima," alisema. "Umeme zinaupata zote, ila amri haizifikii za nyuma. Kuna waya wa pili, mwembamba, unaobeba amri: waka, zima, fifia. Amri inaingia taa ya kwanza, inatoka, inaingia ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kila taa ina matundu mawili, moja la kuingilia na moja la kutokea. Kwenye ya sita, waya umechomekwa kinyume. Amri inabisha hodi kwenye mlango wa kutokea."

"Mwongo huyo," alisema mfupi. "Afande, mimi nafanya kazi hii mwaka wa nne."

"Nani alichomeka taa ya sita?" aliuliza sajenti.

"Yeye," alisema mrefu.

Lilikuwa swali ambalo jibu lake la kweli halikuwa na faida yoyote kwa mfupi.

Ngazi ikaletwa, na askari wawili wakaishika isiteleze. Mrefu akapanda, akafungua kifuniko cha taa ya sita na kubadilisha nyaya. Alikaa kule juu, akitazama upande wa pili wa ukuta, muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyodai. Taa zote zikawaka, ila ya mwisho ilipepesa kama jicho lililoingiwa na mchanga.

"Hapo mwisho pamesahauliwa kizibo cha tundu la kutokea," alisema. "Amri ikifika mwisho ikakosa pa kuishia, inageuka na kurudi ilikotoka, inazivuruga nyingine."

"Wapo wafungwa wa aina hiyo," alisema sajenti. "Nawafungulia leo, Jumatatu nawapokea."

Ngazi ikasogezwa, na mrefu akachomeka kizibo. Ya kumi na mbili ikatulia, na ukuta mzima ukang'aa. Mfupi aliketi chini. Alianza kutaja jina la mke wake, namba ya nyumba yake, rangi ya mlango, mpaka askari wawili wakamwinua kwa makwapa na kwenda naye selo.

"Mia mbili na kumi na mmoja," sajenti aliandika, akapiga mstari chini. Kisha akafungua geti kwa mkono wake mwenyewe. "Tusamehe kwa usumbufu, fundi."

"Ni kazi, afande."

Mrefu alivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Lori likampigia honi ndefu. Kituoni alisimama mama mmoja mwenye kikapu.

"Kaka, basi la mjini limeshapita?"

"Sijui, dada," alisema. "Mara ya mwisho kupanda basi ni miaka tisa sasa, na nilikuwa na pingu."