Viganja vya Verediana

Daktari alikipapasa kiganja cha Verediana, kisha akauliza, "Bibi, umeacha kulima tangu lini?"

Verediana alikuwa amefika hospitali hapa Kasulu na shaka moja moyoni: mke wa mwanawe anamtilia kitu kwenye uji. Kijijini kwao Muyama alikuwa akipanda milima na mzigo wa kuni kichwani. Sasa, baada ya mwaka mmoja na nusu nyumbani kwa mwanawe, hata kuinuka kwenye kochi lazima ashike ukuta.

"Sumu hakuna," daktari alisema. "Presha na sukari ndizo zimepanda. Unashindaje nyumbani?"

"Nakaa tu. Mkwe wangu haniachi nishike hata ufagio."

"Basi huko kukaa ndiko kunakokuumiza. Wazee wanaoletwa mjini kupumzishwa nawapokea kila wiki, na watu wa maofisini vilevile."

Verediana akavitazama viganja vyake. Sugu za jembe zilikuwa zimekwisha, ngozi imelainika kama ya mtoto mchanga. Je, mkwewe alijua tangu mwanzo kwamba kukaa kunaumiza?

Kesho yake asubuhi alichukua jembe akaingia bustanini nyuma ya nyumba. Hajalima hata hatua mbili, mkwewe akatoka mbio, akaushika mpini.

"Lete, mama. Utaanguka."

Verediana hakuuachia. Alimkazia macho.

"Unaogopa nianguke, mwanangu, au unaogopa nipate nguvu?"

Mkwewe naye mpini hakuuachia.