Chaguo la Kwanza la Darmi

"Mwanangu, udaktari wa ng'ombe ni mpaka Nairobi?" mama yake Darmi aliniuliza pale saiba, Garsen, ninapowasaidia watu kujaza fomu kwenye kompyuta.

"Ndiyo, mama. Karibu kuna ualimu, Garissa."

Maombi ya vyuo yalikuwa yanafungwa jioni ile. Darmi aliweka kidole juu ya kipanya.

Nilimkumbuka marehemu mama yangu kwenye benchi lile lile walilokalia, siku nilipoomba chuo, kanga yake ina matope ya mpunga wa kijijini Ngao, akiogopa vivyo hivyo kuniachia niende mbali.

"Mwaka wa ukame wewe ulilala zizini umemkumbatia ndama," mama yake Darmi alimwambia bintiye.

"Na akafa, Mama."

"Hatukuwa na wa kumtibu."

Akauweka mkono wake, unaonukia maziwa ya kibuyu, juu ya mkono wa Darmi.

"Haya, bonyeza hiyo Nairobi kabla sijabadilisha nia."